Taa ya dagaa, neti mpya na betri iliyokufa: sumu iko wapi hasa?

Kaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, asubuhi, wakati magunia ya dagaa yanapakiwa kwenye malori, utamsikia mtu akisema taa za siku hizi za kuvulia dagaa usiku zina mionzi na mionzi hiyo inaingia kwenye dagaa. Panda daladala ya Igoma, abiria wa pembeni atakuambia neti mpya zina dawa kali mno, bora mtu alale na mbu wake. Saluni wanabishana kama jeli ya kucha inaleta kansa. Kwenye makundi ya WhatsApp nako watu wanaonyana kwamba simu ikichajiwa karibu na kitanda inamwaga sumu chumbani usiku kucha.

Humo kuna kweli kidogo na uzushi mwingi. Halafu kuna jambo zito ambalo kwenye daladala hulisikii kabisa, nalo ni betri iliyokufa. Huko ndiko tutakaa zaidi. Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili matatu.

Kemikali si jina jingine la sumu. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na sukari uliyokoroga kwenye chai leo asubuhi ni kemikali. Bidhaa isiyo na kemikali haipo duniani, hata kama imeandikwa "haina kemikali". Aliyeandika hivyo ama hajui au anakuuzia maneno. Kitu huwa sumu kinapoingia mwilini kwa kiasi ambacho mwili unashindwa kukimudu. Na kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama. Risasi (si ya bunduki, ni ile metali laini na nzito, "lead" kwa Kiingereza) na zebaki, sumu mbili tutakazokutana nazo hapa, zote zinachimbwa ardhini.

Mamba yumo ziwani, na hakuna mtu wa Ukerewe au Buchosa anayebisha kwamba mamba ni hatari. Lakini aliyelala ghorofani Nyegezi hang'atwi na mamba. Anayeng'atwa ni yule anayechota maji alfajiri penye matete, na mtoto zaidi kuliko mtu mzima, maana hana nguvu za kujinasua. Sumu nayo ina tabia hiyo: kuwamo ndani ya kifaa ni jambo moja, kukufikia ni jambo jingine. Kwa hiyo ukiambiwa bidhaa fulani ina kemikali mbaya, usikimbilie kuitupa. Uliza inaingia mwilini kwa njia ipi, kwa mdomo, kwa pua au kwa ngozi. Uliza ni kiasi gani. Uliza inamfikia nani.

Swali la kiasi huwapiga chenga hata wasomi. Mwaka 2024 utafiti kutoka Marekani ulivuma dunia nzima kwamba vyombo vya jikoni vya plastiki nyeusi vina kemikali za kuzuia moto. Maelezo yake yalikuwa na mantiki: plastiki nyeusi nyingine hutokana na magamba ya televisheni na kompyuta kuukuu yaliyoyeyushwa na kufinyangwa upya, na magamba hayo yalitiwa kemikali hizo makusudi yasishike moto. Watu wakatupa miko yao. Baadaye ikabainika kwamba watafiti walikosea kuzidisha. Ukomo wa usalama kwa siku ni nanogramu 7,000 kwa kila kilo ya mwili, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kwa mtu wa kilo 60 waliandika 42,000, wakati jibu ni 420,000. Kiasi walichokadiria kwamba mtu anakula kwa siku, 34,700, kikaonekana kinakaribia ukomo, kumbe hakikufika hata sehemu moja ya kumi. Kemikali zilikuwamo kweli, na hazina kazi yoyote kwenye chakula. Ila sifuri moja iliyopotea iligeuza tahadhari ikawa taharuki. Sisi wa mwiko wa mbao hatukupata shida.

Tukiwa bado kwenye plastiki: utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia sangara na sato walionunuliwa hapa Mwanza, ulithibitisha vipande vidogo vya plastiki matumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano. Matumboni, nasisitiza, na matumbo ya sangara huwa tunayatoa. Habari hiyo inatueleza zaidi hali ya ziwa kuliko hali ya sahani yako.

Mionzi iliyokuwa kwenye karabai

Taa mpya ya kuvulia, ile ya LED inayotumia betri, haitii chochote ndani ya dagaa. Inatoa mwanga, na mwanga ukizimwa umekwisha, haubaki kwenye nyama ya samaki. Ajabu ni kwamba mionzi halisi ilikuwa kwenye taa ya zamani. Soksi ya karabai, kile kitambaa kinachong'aa moto ukishika, kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa thoriamu, madini yenye mionzi hafifu. Aliyeitumia taa hakupata madhara ya kutajika, ila kuiponda soksi iliyokwisha na kuvuta vumbi lake halikuwa jambo zuri. Ongeza moshi wa mafuta ya taa usiku mzima, na mafuta yanayomwagika ndani ya mtumbwi humo humo wanamotiwa dagaa. Ukiniuliza mimi, kwa upande wa sumu taa mpya ni nafuu kubwa. La kuuliza ni juu ya kile kinachoiwasha, kilichofungwa kwenye kasha chini yake.

Neti zilizojaribiwa Misungwi

Habari ya neti inatuhusu moja kwa moja, kwa sababu majaribio yenyewe yalifanyika hapa mkoani. Kwa miaka mingi neti zilitiwa dawa za jamii moja tu, pairethroidi, zilizobuniwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye maua ya pareto. Mbu wakazizoea. Watafiti wakiongozwa na Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR Mwanza, wakagawa aina nne za neti wilayani Misungwi na kufuatilia watoto kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Neti zilizotiwa pairethroidi pamoja na dawa nyingine, klofenapiri, zilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 zikilinganishwa na neti za kawaida. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, likazipendekeza.

Je, dawa hiyo ni kali? Kwa mbu, ndiyo, ndiyo kazi iliyoajiriwa kufanya. Na ile inayowasha usoni neti ikitoka kwenye pakiti si mawazo yako. Pairethroidi hutekenya ncha za mishipa ya fahamu ngozini, ndiyo maana mtu anasikia kuchomachoma na kupiga chafya. Inatulia ukiitandaza neti kivulini siku nzima kabla ya kuifunga. Kivulini, maana jua kali linaimaliza dawa. Klofenapiri ni habari nzito zaidi: ile ya shambani, ya chupa, mtu akiimeza inaua. Lakini kilichoshikwa kwenye nyuzi za neti ni kidogo sana, na hakikurukii ukiwa umelala. WHO wanapopima usalama wa neti huweka kwenye hesabu hata mtoto anayenyonya ncha yake usiku.

Shida huanza neti inapohamishwa kazi. Miili yetu huivunjavunja pairethroidi haraka, samaki hawana uwezo huo, na dawa kidogo tu majini inawaua. Kwa hiyo neti haifuliwi ziwani wala mtoni. Ifue kwenye beseni kwa sabuni ya kawaida, na maji yake yamwage kwenye udongo mbali na kisima. Kuitandaza ufukweni na kuanikia dagaa ni vibaya zaidi. Hapo dawa iliyokuwa inakaa mbali na wewe, juu ya kitanda, inalaliwa na chakula kibichi kwa saa nyingi, tena chakula kinacholiwa kizima, kichwa na tumbo. Dagaa waanikwe kwenye chanja, juu ya wavu wa kawaida usio na dawa. Chanja inawaepusha na mchanga pia, na tutaona baadaye kwamba mchanga wenyewe si wa kuaminika kila mahali.

Saluni, kwa kifupi

Jeli ya kucha ni majimaji yanayogeuka kuwa plastiki ngumu chini ya ile taa ya zambarau. Ikishaganda vizuri haina neno kubwa. Inayoleta matatizo ni ile mbichi inayogusa ngozi, kwa sababu taa haina nguvu au jeli imepakwa hadi kwenye nyama. Mwili unaweza kuikataa, ukapata mzio usiokwisha maisha yako yote, na kemikali za jamii hiyo hiyo hutumiwa na daktari wa meno kuzibia jino. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kiungo kimoja cha kugandisha jeli, kiitwacho TPO, kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, baada ya majaribio ya wanyama kuonyesha kwamba kinaharibu uzazi. Mteja hukaa na jeli kwa saa moja kila baada ya wiki kadhaa. Dada anayezibandika kucha yumo humo kutwa, siku sita kwa wiki, mara nyingi kwenye kibanda kisicho na dirisha. Ndiye wa kumhofia.

Dawa ya kunyoosha nywele: mwaka 2022 utafiti mkubwa wa taasisi za afya za Marekani ulikadiria kwamba wanawake waliotumia mara nyingi, zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05 wangepata kansa ya mji wa mimba wafikapo miaka 70, na kwa wasiotumia kabisa ni asilimia 1.64. Ni uhusiano wa mambo mawili, bado si ushahidi kwamba moja limesababisha lingine. Hata hivyo ni sababu tosha ya kupunguza safari za kwenda kuweka dawa.

Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki sina haja ya kuzipamba. Zebaki ni ile ile tunayoilalamikia kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, na watu wengine wanajipaka usoni kwa hiari. Huizuia ngozi kutengeneza rangi, kisha inaingia damuni na kwenda kuharibu figo. Inabaki kwenye taulo, kwenye mto wa kulalia na kwenye shavu la mama ambalo mtoto analibusu. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba kufikia 2025 vipodozi vyote vyenye zebaki viwe vimekomeshwa, bila kuruhusu hata chembe. Kwenye kopo huenda jina zebaki lisionekane. Ukiona "calomel" ni hiyo hiyo.

Betri iliyokufa

Sasa tuje kwenye kile kisichozungumzwa. Umeme wa jua umebadilisha maisha ya visiwani na mialoni, kule mitumbwi inakoshushia samaki. Watu wanachaji simu, duka lina friji, mvuvi ana taa. Nyuma ya sehemu kubwa ya neema hiyo ipo betri ya risasi, za ukubwa wa N50, N70, N100, ile ile ya gari. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na ndani mna tindikali. Ikiwa nzima imekaa kwenye kona ya chumba, haikufanyi kitu. Risasi imefungwa ndani ya plastiki na haina njia ya kukufikia. Lakini betri ya gari haikutengenezwa kumalizwa chaji kila usiku. Ukiitumia hivyo inakufa baada ya miaka michache, na ikishakufa ndipo uhai wake wa hatari unaanza.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi anaibinua betri, tindikali inamwagika mchangani. Anapasua kasha kwa panga na kuchomoa sahani zilizopakwa uji mzito wa rangi ya kahawia na kijivu, unaobomoka vidoleni. Anazigonga kwenye jiwe uji udondoke. Zilizobaki zinaingia kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selisiasi, kwa hiyo jiko la mkaa linatosha na kubakiza. Utando wa kijivu unaoelea anauengua kwa kijiko na kuutupa kando. Chini yake pana majimaji yanayong'aa, anayamimina kwenye vijishimo alivyotoboa mchangani kwa kijiti, na hizo ndizo chubwi za kuzamishia nyavu. Pembeni amechuchumaa mtoto wa miaka minne hivi akisubiri zipoe azipange. Kuku wanapekua pale ulipodondoka uji.

Wengi wakiangalia kazi hiyo huogopa tindikali, kwa sababu inachoma na inaonekana. Tindikali ni mbaya kweli ikikurukia. Lakini mwenye kudhuru kwa miaka ni ule uji uliobomoka, maana ni risasi iliyo katika hali ya unga. Chubwi ngumu ukiishika unaweza kunawa mikono mambo yakaisha. Unga unapeperuka, unakaa kwenye nguo, unaingia ndani na viatu, unatua juu ya dagaa walioanikwa mita kadhaa kutoka hapo, na mtoto anaulamba kwenye vidole vyake.

Mwili unadanganyika na risasi. Inafanana na kalsiamu kiasi kwamba inapewa njia zote ambazo kalsiamu hupewa: inapokewa na utumbo, inapelekwa kwenye mifupa na kuhifadhiwa humo kwa miaka mingi, na kwa mtoto inapenya hadi kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Mama mjamzito anapoazima kalsiamu kwenye mifupa yake kwa ajili ya mtoto, risasi iliyolala humo inaamka nayo. WHO inasema mtoto anaweza kufyonza mara nne hadi tano ya risasi ambayo mtu mzima angefyonza kutoka kwenye kiasi kile kile alichomeza. Inasema pia kwamba hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama.

Kiwango cha kumfanya daktari atafute chanzo ni maikrogramu 5 kwa desilita ya damu, na desilita ni sehemu moja ya kumi ya lita. Tuifanye hesabu hiyo iwe ya mtu wa kawaida. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama desilita 8. Tano mara nane ni maikrogramu 40, na gramu moja ina maikrogramu milioni. Yaani gramu moja ya risasi, kama yote ingeweza kuingia damuni, ingetosha kuwafikisha watoto 25,000 kwenye kiwango hicho. Betri moja ya N70 ina kilo kadhaa. Hata kama sehemu kubwa haimfikii mtu yeyote, unaona kwa nini hapa sifuri haziwezi kutuokoa kama zilivyookoa ile miko ya plastiki.

Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, karibu milioni 800, amefikia au kuvuka kiwango hicho. Wengi wetu tulidhani risasi iliisha pamoja na petroli. Ni kweli nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikafuata mwaka 2021. Ila siku hizi kama asilimia 85 ya risasi yote inayotumika duniani inaingia kwenye betri, na betri ndizo zinazoongezeka.

Mifano ya kinachoweza kutokea haiko mbali. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar nchini Senegali, watu walizoea kupekua risasi kwenye mchanga wenye mabaki ya betri. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Jirani zaidi, katika kitongoji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho. Mwanawe mdogo akaugua, akapimwa, akakutwa na risasi damuni. Aliongoza wakazi kupigania haki yao, akapewa Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kinachofanya jambo hili lisionekane ni kwamba kwa muda mrefu risasi haina dalili ya kumpeleka mtu hospitali. Mtoto anakuwa mzito wa kuelewa darasani, hatulii, anasahau. Nani atasema ni betri? Tumbo kusokota, kufunga choo na kupungukiwa damu huja baadaye, na hapo watu hufikiria minyoo. Degedege likija linahesabiwa malaria. Haina harufu wala ladha ya kukuonya, na huo msemo wa "kisichonuka hakina sumu" umewaponza wengi. Kinachotoa jibu ni kipimo cha damu, na daktari hawezi kukiomba kama hujamwambia kwamba nyumbani kuna mtu anayepasua betri. Mwambie.

Halafu kuna maziwa. Fundi betri, mchomeleaji, mpaka rangi, wote wameambiwa wanywe maziwa yaoshe sumu kifuani. Maziwa hayapiti kifuani, yanakwenda tumboni, na hayaondoi kilichokwisha kuingia damuni. Kuna punje ya ukweli tu: mtu mwenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi pungufu, kwa sababu ile milango ya utumbo ina shughuli nyingine. Kwa hilo hata dagaa wanafaa, wana vyote viwili, na bei yake ni nafuu kuliko lita ya maziwa. Lakini chakula hakichukui nafasi ya kuacha kazi hiyo nyumbani.

Na hilo ndilo la kwanza: betri isipasuliwe kwenye uwanja wa nyumba, wala mwaloni karibu na chanja. Anayefanya kazi hiyo abadilishe nguo huko huko na aoge kabla ya kumshika mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki kwa tambara bichi, maana ufagio mkavu unarusha unga juu. Sufuria iliyoyeyushia risasi hairudi jikoni, hata isuguliwe kwa majivu mpaka ing'ae. Chubwi zisiwe za kuchezea. Betri mbovu iuzwe nzima, ikiwa na maji yake, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu anataka umwage kwanza kwa sababu ni kero kuibeba. Ukinunua mpya, uliza dukani kama wanapokea ya zamani na kupunguza bei. Wapo wanaofanya hivyo. Kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zilitungwa nchini mwaka 2021, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, kwa hiyo kijiji kinachotilia shaka mchanga wake kina mahali pa kubisha hodi.

Je, lithiamu ndiyo jibu?

Taa nyingi mpya zinakuja na betri za lithiamu, nyepesi na za kudumu. Risasi hakuna humo, na kwa mtoto wa mwaloni hiyo ni habari njema kweli. Hazitoi hewa yoyote zikichajiwa zikiwa nzima, kwa hiyo simu iliyo kando ya kitanda haikupulizii sumu. Iondoe kitandani kwa sababu nyingine: ikipata joto chini ya mto inaweza kuwaka.

Ubaya wake hujitokeza ikitobolewa, ikipondwa, ikichajiwa kupita kiasi au ikiunganishwa ovyo, kama zile zinazokusanywa kutoka kwenye kompyuta mpakato zilizokufa na kufungwa pamoja kuwashia spika. Ikianza kuungua inajipasha yenyewe kutoka ndani, na moshi wake una haidrojeni floraidi, gesi inayounguza macho na mapafu. Betri ya simu iliyovimba imejaa gesi zilizotokana na kuoza kwa majimaji ya ndani. Usiitoboe kuipunguza upepo, na usiikandamize ili mfuniko ufunge. Ikiwaka ndani ya nyumba, watoe watu, usivute ule moshi, na kama unaweza kuifikia kutoka nje mwagia maji mengi ipoe. Mchanga unaifunika lakini haupozi.

Kuna mgogoro mwingine unaokuja nayo, wa bei. Betri ya risasi haikai barabarani kwa sababu mnunuzi wa vyuma chakavu anaipima kwa kilo na kulipa. Lithiamu za taa za sola, hasa zile za chuma na fosfeti, hazina kobalti wala nikeli, basi hazina thamani ya kumvuta mtu. Hakuna anayepita na mkokoteni akiziita. Zinaishia kwenye pipa, kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba au dampo la Buhongwa, na zikipondwa katikati ya makaratasi makavu zinawasha moto. Mpaka apatikane wa kuzichukua, ziba ncha zake kwa utepe wa umeme, ziweke kwenye debe kavu lisilo karibu na jiko wala kitanda, na unaponunua taa nyingine mwulize muuzaji, kabla hujatoa hela, ile ya zamani anaipokea au haipokei.